Aliharibika, Aliharibiwa, au Alijiharibu? Rosa na Maimuna Mbele ya Kauli Zetu

Ilikuwa semina ya riwaya, mwaka wa kwanza, chumba kimejaa hadi wengine wamekaa dirishani. Swali lilikuwa ubaoni: "Rosa ni zao la malezi ya Zakaria. Jadili." Sote tunajua kwamba kwa desturi yetu neno "jadili" lina maana ya "kubali, kisha toa mifano mitano". Basi tukakubali. Wa kwanza akasema Zakaria ni mlevi. Wa pili akasema Zakaria ni mkali kupita kiasi. Wa tatu akasema ukali usio na mapenzi humfanya mtoto alipuke siku akipata uhuru. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, mpaka dada mmoja wa viti vya nyuma, ambaye kwa kawaida haongei, alipouliza: "Na Zakaria naye ni zao la nani?"

Tulicheka. Mhadhiri akasema swali hilo tutalirudia wiki ijayo. Hatukulirudia, na makala haya ni jaribio la kulirudia.

Nikiri mapema kwamba sina nia ya kumaliza ugomvi wa hiari na ulazima. Ugomvi huo ni mkongwe kuliko riwaya yenyewe. Kama kila tendo lina sababu yake, na sababu ile nayo ina sababu iliyoitangulia, basi ni wapi hasa mtu anaposimama na kusema "hili nimelitenda mimi"? Wazee wetu wanayo majibu ya pande zote mbili, na hawaoni haya kuyatumia yote siku moja. Asubuhi mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Jioni akili ni nywele, kila mtu ana zake. Madrasa nazo zimefundisha kadari kwa karne nyingi bila kumwachia mwanafunzi aliyechelewa aseme kwamba kuchelewa kwake kuliandikwa. Jambo ninalotaka kulionyesha hapa ni dogo zaidi: kwamba katika kuzihakiki riwaya zetu mbili mashuhuri, Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), tumekwisha kulijibu swali hilo bila kulijadili. Jibu tumelificha ndani ya vitenzi.

Hebu msomaji achukue insha yoyote ya mwanafunzi kuhusu Rosa, hata yake mwenyewe, apigie mstari kila kitenzi ambacho kiima chake ni Rosa. Nimefanya hivyo kwa insha kadhaa za wenzangu, yangu ikiwamo. Rosa alilelewa, alipigwa, alinyimwa, alidanganywa, alirubuniwa, aliponzwa. Halafu, pale mambo yanapofika penyewe: Rosa aliharibika. Sasa apigie mstari vitenzi vya Zakaria. Zakaria alipiga, alitukana, alilewa, alipuuza, alitesa. (Hata pombe tumemwachia aibebe mwenyewe, sikuona popote palipoandikwa kwamba Zakaria "alileweshwa".) Baba yuko katika kauli ya kutenda, binti yuko katika kauli ya kutendwa, na anapovuka mstari anahamishiwa kauli ya kutendeka.

Kauli ya kutendeka ni kitu cha ajabu, ndugu zangu. Ukisema "redio imeharibiwa" nitauliza na nani. Ukisema "redio imeharibika" sina la kuuliza; yamekwisha, tutafute fundi. Kiambishi hicho kidogo, -ik-, kinaondoa mtenda na wala hakiachi nafasi yake wazi. Maziwa huharibika. Barabara huharibika wakati wa masika. Mitaani tunasema pia kwamba kijana fulani kaharibika, na huenda tukamaanisha bangi, wizi au uvivu, lakini tukisema hivyo kuhusu binti kila mtu anajua tumemaanisha kitu gani. Hapo ndipo uhakiki wetu ulipolichukua neno, mtaani, pamoja na vumbi lake, tukalivalisha tai na kuliita uchambuzi wa maudhui.

Nirudi kwenye kitabu. Rosa ni binti wa Ukerewe. Zakaria anagundua barua aliyoandikiwa na kijana Charles, anampiga kipigo ambacho msomaji hakisahau. Rosa anatoka nyumbani kwenda shule ya sekondari akiwa na hofu ya wavulana. Nasisitiza: akiwa na hofu. Kama tunataka kusema juu ya zao la Zakaria, hofu ndiyo zao lake, maana ndiyo iliyotoka moja kwa moja kwenye fimbo. Lakini baadaye hofu inageuka kinyume chake, naye anaingia kwenye maisha ya wanaume kwa kishindo. Na sisi, bila kusita, tunasema hayo nayo ni zao la fimbo ileile.

Hapa ndipo ninapotilia shaka nadharia yetu. Tuseme Rosa angebaki na hofu yake hadi mwisho, akajiunga na utawa. Tungeandika nini? Tungeandika, na kwa maksi zilezile, kwamba ukali wa Zakaria ulimfanya awakimbie wanaume maisha yake yote. Tuseme angeolewa mapema na mtu mpole: aliukimbia ukali wa baba. Tuseme angeolewa na mlevi: alimtafuta baba yake kwa mume. Maelezo yanayokubali kila mwisho hayajaeleza mwisho wowote. Ni kama yule mganga anayesema mgonjwa atapona Mungu akipenda, kisha anadai ujira kwa lolote litakalotokea.

Sisemi malezi si kitu. Nasema tumeyafanya kuwa kila kitu, na kwa kufanya hivyo tumepita kasi mahali ambapo Kezilahabi alituwekea kitu cha kutazama. Rosa, akiwa mtu mzima anayejitegemea, anajirudi. Anaamua kuacha mwenendo wake na kuanza upya. Katika insha nilizosoma, uamuzi huo unapewa sentensi moja, na mara nyingi sentensi yenyewe ni "baadaye alibadilika". Tazama tena: alibadilika. Kama hali ya hewa! Mtu amekaa, amejipima, amejikatalia jambo alilolizoea, nasi tunamwandikia kitenzi cha mawingu. Ukweli ni kwamba nadharia yetu haina mahali pa kuuweka uamuzi ule. Kama Rosa ni zao la Zakaria, basi kujirudi kwake ni zao la nani? Zakaria hakubadilisha malezi.

Kisha anatokea Charles, yuleyule wa barua. Wanachumbiana, Charles anayajua ya nyuma, anamkataa. Rosa anajiua. Sasa niulize: nani kati yetu amewahi kuandika insha iitwayo "Charles ni zao la malezi"? Uamuzi wa Charles ni wa baridi kuliko yote katika kitabu. Hakulewa, hakupigwa siku hiyo, hakurubuniwa na yeyote. Alipima, akaona, akakataa. Hata hivyo wahakiki wengi tunampita kama vile alikuwa daraja tu la kumvusha Rosa kwenda kaburini. Zakaria tumemlaumu kwa wino mwingi hata Charles amepata nafasi ya kutoka kimyakimya kwa mlango wa uani.

Na baada ya vitenzi vyote vile vya kutendwa na kutendeka, insha zote zinakutana kwenye kitenzi kimoja chenye -ji-. Rosa alijiua. Hapo hakuna anayesitasita. Hakuna aliyeandika "aliuliwa", wala "alifikika na mauti". Nilipoliona hilo nilifunga daftari nikatoka nje kidogo. Maisha yake yote tulimnyang'anya utendaji, kwa huruma, tukamrudishia siku ya mwisho ili kifo kiwe mali yake.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimekwisha jibiwa kwenye korido. Nitaambiwa kwamba hii ni lugha ya mimbari. Kwamba uhakiki wa Kimarx uliolelewa katika vyuo vyetu tangu miaka ya 1970 ulifanya kazi kubwa ya kuwatoa wahusika kwenye mizani ya dhambi na thawabu na kuwaweka kwenye jamii yao. Na kwamba mimi nataka kuwarudisha kwa padri na shehe. Pingamizi hilo ni zito na siwezi kulipuuza. Kabla ya uhakiki ule, binti kama Rosa alikuwa fundisho la "tahadhari enyi wasichana", basi. Walioukemea mtindo huo walitutendea haki. Ila na wao wasomwe vizuri. Marx mwenyewe, alipoandika mwaka 1852 kuhusu Louis Bonaparte na Ufaransa ya wakati ule, hakuwafanya watu kuwa vinyago vya mazingira. Aliwaacha kuwa watendaji wa historia yao. Alilowanyima ni uwezo wa kuchagua hali wanamoanzia. Wanafunzi wake wa semina ndio tuliokata nusu ya kwanza tukabaki na ya pili, kwa kuwa ni nyepesi kukariri.

Mwanafalsafa Mwingereza P. F. Strawson, katika insha yake ya mwaka 1962 juu ya uhuru na kinyongo, alitofautisha namna mbili za kumwangalia mtu. Unaweza kumwangalia kama mwenzako: unamkasirikia, unamshukuru, unamsamehe, unabishana naye. Au unaweza kumwangalia kama jambo la kushughulikiwa, kama mgonjwa au tatizo: unamtibu, unamwelekeza, unamhurumia, lakini humkasirikii, maana hakuna wa kukasirikiwa. Strawson hakusema namna ya pili ni mbaya. Kuna wakati ni lazima. Kwetu tumewagawia wahusika namna hizo kwa jinsia. Zakaria na Maksuudi ni wenzetu, tunawakasirikia. Rosa na Maimuna ni tatizo la kijamii. Binti anayehurumiwa hivi hana tena mtu wa kubishana naye.

Utengano inaisumbua nadharia yetu zaidi, na kwa hiyo naipenda zaidi. Hapa baba, Bwana Maksuudi, ni mtu wa heshima mbele ya watu na mkatili ndani ya nyumba. Maimuna amefungiwa, dunia kwake ni ukuta. Mama yake, Bi Tamima, anaonja ukatili huo hadi talaka. Kwa mtu wa "mtoto umleavyo" hapa ndipo nyumbani kwake. Lakini katika nyumba hiyohiyo yumo Mussa, kaka yake Maimuna, mtoto wa baba yuleyule, naye anakuwa mtu wa kumpinga baba. Damu moja, paa moja, watoto wawili tofauti. Niliwahi kufurahi sana nilipoligundua hili, nikadhani nimepata silaha: tazameni, malezi yaleyale, matunda mbalimbali, kwa hiyo kuna hiari!

Dada yule wa viti vya nyuma ndiye aliyenituliza. "Wewe kaka," aliniambia, "umesahau mlango." Mussa alikuwa anatoka. Anakwenda shule, anarudi, anaona watu wengine wanaishi vipi, anapata maneno ya kumpimia baba yake. Maimuna hakuwa na mlango. Hawakulelewa malezi yaleyale hata kidogo. Nikakubali kushindwa, ila kushindwa huko kulinifundisha jambo kuliko ushindi wangu. Nilikuwa nikiiona hiari kama kitu ambacho mtu anacho au hana, kama jino la dhahabu. Kumbe ina uhusiano na milango. Mtu huchagua kati ya mambo anayoyajua, na kuyajua kunataka kutoka nje. Maksuudi alimfungia binti yake ili asichague vibaya, na matokeo yake siku mlango ulipofunguka hakuwa na kipimo chochote cha kuchagulia.

Na mlango ulifunguliwa na nani? Na Bi Farashuu, mwenye kisasi chake na Maksuudi kwa ajili ya binti yake mwenyewe, Mwanasururu. Farashuu anamtaka Maimuna apotee. Anapanga. Kwa hiyo kwa Maimuna kitenzi sahihi kwa sehemu kubwa ya safari ni "aliharibiwa", kwa herufi kubwa, na mtenda yupo, ana jina na ana sababu. Ukisoma insha zetu utakuta kisa chote kimeyeyushwa kuwa "aliharibika kutokana na mazingira". Mazingira hayapangi kisasi, jamani. Tunapoandika "mazingira" mahali pa Farashuu tunamficha Farashuu, kama tulivyomficha Charles. Watu husema kauli ya kutendeka inamtetea msichana. Mimi naona wanaoneemeka nayo zaidi ni wale waliomzunguka.

Kisha Maimuna, aliyepita kwenye ulevi na vilabu na mikono ya watu, anaondoka. Tofauti yake na Rosa haiko katika uamuzi wa kujirudi, kwa sababu wote wawili waliamua. Tofauti ni kwamba Maimuna anampata Kabi, ambaye anamwoa akiyajua maisha yake, na Rosa anakutana na Charles. Mabinti wawili, uamuzi mmoja, wanaume wawili wenye kuamua tofauti. Hapa siwezi kusema ni hiari peke yake iliyomwokoa Maimuna. Nusu ya uokovu wake iko mikononi mwa Kabi, na Kabi angeweza kukataa. Lakini siwezi vilevile kusema ni mazingira, maana Kabi si mazingira, Kabi ni mtu.

Kwa nini nashupalia viambishi namna hii? Nieleze, hata kama si desturi ya kurasa hizi kuleta mambo ya nyumbani. Tulipokuwa kidato cha tatu, binti mmoja wa darasa letu aliitwa mbele ya gwaride la asubuhi. Mkuu wa shule akatangaza kwamba "amejiharibia maisha" na kwamba kuanzia siku hiyo si mwanafunzi. Alikuwa mjamzito. Mimi nilikuwa kiranja wa darasa. Ndiye niliyetumwa kukusanya vitabu vya shule kutoka kwenye dawati lake. Utaratibu wa kuwafukuza wasichana waliopata mimba ulidumu miaka mingi Tanzania Bara, hadi Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Kwake ulikuwa umechelewa.

Tazama basi mkanganyiko. Kwenye gwaride, binti ni hiari tupu: amejiharibia, -ji- inamng'ang'ania shingoni, wala hakuna anayeuliza habari za mlango. Kwenye semina, binti huyohuyo akiwa ndani ya riwaya ni ulazima mtupu: aliharibika, masikini. Na Rosa Mistika yenyewe ilipotoka ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, kabla ya kuja kuwa kitabu cha kiada. Marufuku ile nayo ilikuwa na falsafa yake: iliamini kwamba msichana akisoma kuhusu Rosa atamfuata Rosa, yaani hana utashi wa kusoma na kukataa. Asomapo hana hiari. Apatapo mimba ana hiari yote. Jamii moja, akili hizihizi. Nadhani tulichokuwa tunakitafuta muda wote si ukweli kuhusu hiari, ni nafuu yetu sisi wasemaji.

Nilikutana na mwenzangu yule miaka kadhaa baadaye, stendi ya mabasi. Alikuwa amepanga vitenge juu ya meza, mtoto wake mkubwa akimrudishia wateja chenji. Tulizungumza sana. Nami kwa kujionyesha msomi nikamwambia kwamba sasa tunafahamu, kwamba halikuwa kosa lake, alikuwa mhanga wa mfumo. Alinitazama kama mtu anayetazama noti iliyochanika. "Usinifanye mjinga," akasema. "Nilimpenda, nikaenda. Ila yule mtu alikuwa na miaka arobaini, na hilo hamkulitangaza gwarideni." Kisha akamgeukia mteja.

Katika sentensi zake hizo mbili kuna uchambuzi ambao sijaukuta katika insha yoyote, yangu ikiwa ya kwanza kukosa. "Nilimpenda, nikaenda" ni kauli ya kutenda, hakubali kunyang'anywa. "Ila yule mtu" inamtaja mtenda mwingine, na ukubwa wake, na ukimya wetu. Hakuona kwamba moja inaifuta nyingine. Sisi ndio tuliodhani lazima tuchague: ama yeye alitenda na kwa hiyo wengine hawana hatia, ama wengine wana hatia na kwa hiyo yeye hakutenda. Zakaria ana hatia kwa Rosa. Farashuu ana hatia kwa Maimuna. Charles ana hatia, na ya kwake bado hatujaifungulia hata jalada. Haya yote yanaweza kuwa kweli bila kuwageuza Rosa na Maimuna kuwa maziwa yaliyoharibika.

Lile swali la Zakaria, sijalijibu, nakiri. Riwaya inamleta kwetu akiwa mlevi tayari, haituonyeshi utoto wake, na mwandishi aliyeweza kutueleza alifariki Januari 2020. Pengine naye alikuwa na baba na fimbo. Kama ni hivyo, haimtoi hatiani, maana Rosa alikuwa na baba na fimbo na bado akafikia siku ya kuamua.

Wenzangu watakaoona kwamba katika makala haya nimepotoka, kurasa za toleo lijalo zi wazi, waandike. Na watakaoona kwamba nimepotoshwa, tafadhali wamtaje na aliyenipotosha.